Koko Ameanguka Tena: Tufuate Dalili Hadi Kwenye Chanzo

Nafanya kazi ya kine (fiziotherapia) hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kazi ya kuwarudisha watu kwenye miguu yao, na wiki haipiti bila kuitwa nyumbani kwa mtu ambaye mama au baba yake mzee, "koko" kama tunavyowaita hapa, ameanguka. Nikifika, jibu huwa limeshatolewa kabla sijaketi: "Ni uzee." Wengine hunivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba kuna jirani amemloga. Maneno hayo mawili yana kasoro moja: yote yanafunga mlango wa kutafuta. Mzee huangushwa na presha inayoshuka anaposimama, paja lililoisha nguvu, jicho lisiloona ukingo wa ngazi, kidonge cha usiku au kiatu kilicholegea, na mara nyingi ni viwili au vitatu vimekutana siku moja. Karibu vyote vinaonekana ukijua pa kutazama, na vingi vinarekebishika hapahapa mjini, Kadutu, Ibanda au Bagira, bila mashine kubwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio wengi kati yao wamepita miaka 60. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, karibu mmoja kati ya watatu huanguka walau mara moja kwa mwaka. Sisi tunaishi juu ya vilima, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Septemba hadi Mei udongo wetu unateleza kama sabuni. Mzee wa hapa akitaka chumvi tu, lazima ashuke na kupanda.

Nitapanga dalili kwa maneno ambayo familia huniambia mlangoni. Chukua ile inayofanana na ya kwenu, lakini anza na swali hili.

Alikuwa anafanya nini kabla ya kuanguka?

Watu huuliza "Umeumia wapi?" na ni haki yao. Swali linaloelekeza kwenye chanzo ni jingine: "Koko, ulikuwa unafanya nini palepale, kabla hujaanguka?" Mpe muda ajibu polepole. Usimwulize mbele ya wakwe na wajukuu wote, maana mzee mwenye haya atasema "niliteleza" hata kama sakafu ilikuwa kavu. Kuteleza hakumwaibishi mtu, kuishiwa nguvu kunamwaibisha.

Andika saa, mahali, kama alikuwa anainuka, anatembea au anageuka, kama aliona kizunguzungu, na kama aliinuka mwenyewe. Kisha umuulize kama anakumbuka alivyofika chini. Asiyekumbuka kabisa huenda alizimia, na aliyezimia anahitaji daktari amsikilize moyo na kumpima kwa mashine ya mapigo kabla ya mtu yeyote kumfundisha mazoezi.

Mwisho omba mfuko wa dawa, wote, pamoja na zile za jirani na za mitishamba. Kila mzee anao, mara nyingi chini ya mto.

"Anaanguka akiamka, usiku au alfajiri"

Koko mmoja wa Kadutu alianguka mara tatu ndani ya wiki mbili, mara zote kati ya kitanda na mlango. Watoto wake walikuwa wameshabomoa kizingiti na kumimina sementi mpya, wakidhani ndicho kinachomkwaza. Nilipoomba dawa alinitolea mfuko mweusi wa sokoni uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na paketi mbili zenye rangi na majina tofauti, na maandishi madogo ya chini yalikuwa yaleyale: amlodipine, dawa ya kushusha presha. Moja alipewa kwenye kituo cha afya, nyingine alinunuliwa na mjukuu siku ile ya kwanza ilipochelewa kupatikana. Alimeza zote mbili, "ili tansio (presha) isirudi." Kulikuwa pia na kidonge cha kukojoza maji, naye alikimeza saa mbili usiku, baada ya kula.

Nilimpima akiwa amelala: 148 kwa 84. Akasimama, akashika nguzo ya kitanda, na baada ya dakika moja mashine ikaonyesha 112 kwa 70. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. "Mwanangu," aliniambia, "ni hivi hivi. Dunia inaniondokea." Daktari wake aliondoa paketi moja na kidonge cha maji kikahamia asubuhi. Kizingiti hakikuwa na kosa lolote.

Kipimo hicho mnaweza kukifanya nyumbani kama kuna mashine ya presha, au mkamwomba muuguzi. Mzee alale chali dakika tano, apimwe. Asimame, apimwe baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu, mtu akiwa karibu wa kumdaka. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, damu haifiki kichwani haraka anaposimama. Peleka namba hizo kwa daktari kama zilivyo. Msimwachishe dawa ya presha wenyewe: nimeona pia upande wa pili wa kosa hilo, mkono na mdomo vimepooza.

Wakati mnasubiri, mfundisheni kuamka kwa vituo. Aketi ukingoni mwa kitanda, apandishe na kushusha visigino mara kumi, kisha asali Baba Yetu moja bila haraka ndipo asimame. Nusu dakika ya sala hiyo inatosha damu kupanda. Kama choo kiko nje, wekeni ndoo yenye mfuniko chumbani. Wazee wengi huikataa mwanzoni kwa heshima yao, basi aishughulikie mtu mmoja tu, kimya kimya. Tochi ining'inie kwa kamba kwenye kitanda, kwa sababu umeme utakatika usiku uleule mkiuhitaji.

Dalili hiihii ina vyanzo vingine, na msivirukie. Wapo wanaojinyima maji kuanzia mchana ili wasiamke usiku. Damu inapungua ujazo na kuanguka kunaongezeka. Kuhara na homa ya malaria hufanya vivyo hivyo. Diazepam na dawa nyingine za usingizi, tramadol ya maumivu, amitriptyline, na zile za mafua zinazoleta usingizi kama chlorpheniramine na promethazine, huacha kichwa kizito na miguu mizito hadi asubuhi. Pombe za kienyeji kama kasiksi na kanyanga ziko kwenye orodha hii, hata kama baba amezinywa miaka 40 bila kuanguka: mwili wa miaka 75 una maji machache na misuli michache ya kuzipunguza makali.

Mgonjwa wa sukari anayemeza glibenclamide kisha akalala bila kula anaweza kuamka akitetemeka, ametoka jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Hapo mpe sukari au chai tamu kwanza kama anaweza kumeza, ndipo muite msaada. Na kama kizunguzungu kinakuja akigeuka tu kitandani, nyumba inazunguka kwa muda usiofika dakika moja kisha inatulia, chanzo mara nyingi ni chembe zilizohama ndani ya sikio. Hakuna kidonge kinachozirudisha. Daktari au kine aliyejifunza hugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, na wengi hupona siku hiyohiyo.

"Hawezi kuinuka kwenye kiti kifupi"

Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuisikia mapema, kwa sababu inakuja miezi kabla ya kuanguka na karibu kila nyumba huipuuza. Mama aliyepika maisha yake yote akiwa kwenye kiti kifupi cha jikoni anaanza kuinuka kwa kushika sufuria, kisha mlango, kisha anaagiza kiti kirefu. Kanisani anabaki ameketi wakati wengine wanasimama kwa Injili, naye anasema magoti yanauma. Akifua, anashindwa kukamua kitenge. Mfuniko wa bidoni (dumu) anamwita mtoto aufungue.

Misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini, na baada ya miaka 60 mwendo huongezeka. Ikipungua kupita kiasi pamoja na nguvu zake, hali hiyo inaitwa sakopenia. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 1989 na mtafiti wa Marekani, Irwin Rosenberg, kutokana na maneno ya Kigiriki ya nyama na upungufu, na tangu 2016 lina namba yake kwenye orodha ya magonjwa inayotumika huko. Nawaambia watoto wa wagonjwa wangu jambo hili makusudi: kitu chenye jina na kipimo kinaweza kutibiwa, "uzee" hauwezi.

Kipimo ni hiki. Chukua kiti cha kawaida chenye mgongo, kiegemee ukuta. Mzee akunje mikono kifuani, asimame wima na kuketi mara tano haraka kadiri awezavyo, wewe ukihesabu kwa saa ya simu. Zikipita sekunde 15, mapaja yamedhoofika. Akishindwa kusimama hata mara moja bila mikono, umeshapata jibu. Njia nyingine inatoka Japani na haihitaji saa: azungushe shavu la mguu wake, pale palipo panene zaidi, kwa vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili. Vidole vikikutana na nafasi ikabaki, misuli imekwisha sana.

Sasa chanzo. Cha kwanza ni kuacha kutumika. Kuna akina mama hapa mjini waliobeba mizigo kwa ukanda wa kichwani miaka na miaka, kutoka bandarini hadi sokoni. Mtoto akipata kazi nzuri anasema, "Mama, umechoka, sasa keti." Anaketi. Kwa mapenzi tunamnyang'anya maji ya kuchota, ufagio, bustani, na baada ya mwaka mapaja yaliyobeba kilo 50 hayawezi kubeba mwili wake mwenyewe. Kitanda ni kibaya zaidi. Katika utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2007, wazee wenye afya nzuri waliolazwa kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Kwa hiyo mzee akitoka hospitali baada ya malaria au upasuaji, maneno "apumzike" yasiwe ya wiki nzima. Siku ya kwanza aketi kwenye kiti, ya pili atembee hadi mlangoni, isipokuwa daktari amekataza waziwazi.

Cha pili ni sahani. Mzee wa kilo 50 anahitaji kama gramu 50 hadi 60 za protini kwa siku. Bugali wa muhogo una kidogo mno, na ndio unaojaza tumbo. Nikiwa nyumbani kwa watu wakati wa chakula, naangalia mkono wa koko: anachukua tonge, anachovya kwenye mchuzi, na kipande cha nyama anakisukuma upande wa mjukuu. Anafanya hivyo kila siku, na hakuna anayeona kwa sababu ni upendo. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, glasi ya maziwa kama 8. Sambaza zilizokaushwa, gramu 30 tu, zina karibu 15 au zaidi kidogo. (Samaki hao wadogo waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950; sijui wazee wetu wangekula nini leo bila wao.) Kama meno yameisha, zitwange ziwe unga na kuchanganywa kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mashanza, maziwa ya mgando, pia hayahitaji meno. Mgonjwa wa figo peke yake ndiye aulize daktari kwanza kabla ya kuongeza.

Cha tatu ndicho kinachonikasirisha. Vidonge vya dexamethasone na prednisolone vinauzwa huku kama karanga, kwa maumivu ya magoti na mgongo, na wiki ya kwanza vinafanya kazi kweli: maumivu yanakimbia, hamu ya kula inarudi, uso unajaa. Familia inafurahi kwamba mama amenenepa. Tazameni vizuri: uso ni wa duara, tumbo limetoka, lakini mapaja na mikono vimekonda, ngozi inachubuka kwa kuguswa. Dawa hizo zikitumika muda mrefu hula misuli, hasa ya mapaja na mabega, na hufanya mifupa kuwa myepesi, kwa hiyo mtu anaanguka kwa urahisi na anavunjika kwa urahisi. Aliyezimeza kwa majuma mengi asiziache ghafla. Mwili wake umesahau kutengeneza homoni yake inayofanana na dawa hizo na anaweza kuzimia; daktari humpunguzia hatua kwa hatua.

Nyuma ya udhaifu kunaweza pia kuwa na ugonjwa: upungufu wa damu, kifua kikuu, sukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, potasiamu iliyoshuka kwa kidonge cha maji, virusi vya UKIMWI. Anayekonda bila kujaribu, anayetoka jasho usiku au kukohoa wiki mbili, aende apimwe kabla ya mazoezi. Watu huniuliza pia kuhusu konzo, kwa sababu wamesikia kwamba muhogo usiolowekwa vya kutosha hulemaza miguu. Ni kweli, na imeonekana hata katika Kivu ya Kusini, lakini konzo huingia ghafla, miguu inakakamaa badala ya kulegea, na huwashika zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Koko aliyedhoofika polepole kwa miaka miwili ana kitu kingine.

"Babushi inavuka mguuni na hajui"

Mwana mmoja aliniambia kama kichekesho kwamba baba yake alifika sokoni na babushi (ndala) moja; ya pili ilikuwa imebaki kwenye matope mita mia nyuma. Sikucheka. Nilimwomba mzee afumbe macho, nikamgusa vidole vya miguu kwa ncha ya kidole changu, akasema bado sijaanza.

Mguu usiohisi haujui umekanyaga nini. Sukari iliyokaa juu miaka mingi ndiyo chanzo ninachokutana nacho zaidi, halafu pombe nyingi na ukosefu wa vitamini B12. Wazee hao hutembea wakitazama chini, hupanua miguu, na gizani wanapotea kabisa, maana macho ndiyo yaliyokuwa yanafanya kazi ya nyayo. Pimeni sukari. Mpeni kiatu kinachofungwa, chenye kisigino, na kagueni nyayo kila jioni: jiwe dogo ndani ya kiatu linaweza kuchimba kidonda siku nzima bila yeye kusikia.

Kama ni mguu mmoja tu unaoburuta ncha, vidole vikigonga kila jiwe, hiyo ni habari nyingine, ya mshipa wa fahamu uliobanwa au ya kiharusi kidogo kilichopita bila kujulikana. Aonwe.

"Anajikwaa njiani"

Hapa mji wenyewe una sehemu yake. Tazama ngazi zetu za udongo, zile zilizoshikiliwa na mifuko ya mchanga: hakuna hatua mbili zenye kimo kimoja. Kijana hurekebisha bila kufikiri. Mzee mwenye mtoto wa jicho haoni hata ukingo. Funika jicho moja, kisha la pili, muulize anaona vidole vingapi kutoka upande wa pili wa chumba. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, na sijui tiba nyingine inayorudisha uhuru wa mzee haraka hivyo. Miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya kusoma chini, inamdanganya akishuka ngazi, kwa sababu anatazama miguu yake kupitia kioo cha kusomea.

Pakeni chokaa nyeupe kwenye ukingo wa kila ngazi ya nyumba yenu. Pigeni nguzo mbili na mti mmoja mrefu wa kushika pale palipo na mteremko mkali. Ubao wa kuvukia mtaro uwe na upana wa miguu miwili, usicheze. Kitenge kisiburute. Na mvua ikinyesha asubuhi, misa au soko vinaweza kusubiri saa mbili udongo ukauke. Sioni aibu kumwambia mzee hivyo.

"Mwezi jana alikuwa mzima"

Mabadiliko ya ghafla hayasubiri kine. Mdomo uliokwenda upande, mkono usioinuka, maneno yaliyochanganyika: ni kiharusi hadi ithibitike vinginevyo, na dakika zina thamani. Miguu yote miwili ikidhoofika ndani ya siku chache, pamoja na maumivu ya mgongo au mkojo uliozuilika, huenda uti wa mgongo umebanwa, na huku kwetu kifua kikuu cha mgongo ni chanzo cha kufikiriwa. Mzee aliyechanganyikiwa tangu juzi na ameanza kuanguka anaweza kuwa na maambukizi ya mkojo au ya mapafu, hata bila homa.

Kisha kuna lile linalosahaulika: aligonga kichwa, hakuna kidonda, maisha yakaendelea, na wiki tatu baadaye anaumwa kichwa, analala mchana, anayumba upande mmoja. Damu inaweza kuwa inajikusanya polepole kati ya ubongo na fuvu. Mkumbusheni daktari kuanguka kule hata kama ni kwa mwezi mmoja nyuma, na hasa kama anameza dawa za kuzuia damu kuganda.

Yuko chini sasa hivi

Msimvute kwa mikono. Ni kitu cha kwanza ambacho kila mtu hufanya, na bega la mzee hutoka kirahisi. Keteni naye chini, muongee. Tazameni miguu: ule ulioonekana mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umegeukia nje, huenda una nyonga iliyovunjika. Huyo asikandwe na mtu yeyote, hata fundi wa mifupa mnayemwamini tangu zamani, na asipakiwe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Ubao, blanketi, au kipoyi (machela) cha wanaume wanne, kisha hospitali yenye picha za mifupa.

Kama hana maumivu makali na anasogeza viungo vyote, alale ubavu, ajisukume hadi mikono na magoti, mlete kiti imara mbele yake. Aweke viganja kwenye kiti, atangulize mguu wenye nguvu, ajisukume juu huku wewe ukishika kiuno tu. Mfundisheni hili siku ambayo hajaanguka. Aliyelala sakafuni zaidi ya saa moja apelekwe hata kama anasema yuko sawa: misuli iliyobanwa muda mrefu inamwaga sumu kwenye figo, na usiku wetu ni wa baridi.

"Haanguki tena, lakini hatoki"

Familia huniletea habari hii kama nzuri. Koko wa Kadutu alifika hapo pia: presha ilikuwa imetulia, hakuna kuanguka kwa mwezi mzima, na alikuwa hatoki kitandani isipokuwa kwenda kwenye ndoo. Hofu ilikuwa imemkalia. Asipotembea mapaja yanakwisha, na mapaja yakiisha ataanguka kweli. Kwa hiyo hofu ni chanzo kama vyanzo vingine, nayo ina tiba yake.

Tulianzia jikoni, kwa sababu ndiko alikokuwa bosi. Kusimama na kuketi mara tano, tukapumzika, mara tano tena. Kupanda kwa ncha za vidole akishika meza. Kutembea kwa ubavu kando ya ukuta. Kusimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, mikono karibu na meza, hadi sekunde 10. Asiyefika hapo bado yuko hatarini. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku tatu au zaidi kwa wiki. Mpango wa Otago wa New Zealand, wenye mazoezi ya nyumbani ya aina hiyohiyo, ulipunguza kuanguka kwa karibu theluthi. Misuli ya miaka 80 bado inajibu, ila inataka ugumu uongezeke: akizoea kiti kirefu, mpe kifupi, akizoea mikono mitupu, mpe chupa mbili za maji.

Wiki ya sita alitoka hadi kwa jirani wa juu, mimi nikiwa hatua moja nyuma yake. Aliniambia nisimshike.

Mwisho ni fimbo, maana wengi huichukua ile ya marehemu mume bila kuipima. Mzee asimame na viatu vyake, mikono ikining'inia. Mshikio ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Fimbo hushikwa mkono ulio kinyume na mguu mbovu, na huenda mbele pamoja na mguu huo. Chini iwe na mpira. Mpira ukilika hadi mbao ionekane, ubadilishwe siku hiyohiyo. Fundi yeyote anayekata sandali kwenye tairi anaweza kukukatia mwingine.